Kupima, Kulinganisha, Kutenda: Udhibiti wa Mitambo kutoka Rusumo hadi Nyakanazi

Mto Ruvubu unaotoka Burundi na mto Nyabarongo unaotoka Rwanda hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji yanayoshuka hapo huitwa Kagera. Tangu mwaka 2023 maji hayo yanazungusha mashine tatu za kituo cha kufua umeme kilichojengwa upande wa Tanzania, wilayani Ngara. Uwezo wa kituo ni megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa, kila nchi megawati 26.67 hivi. Fungu la Tanzania hupita katika njia ya msongo wa kilovoti 220 hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mwendo wa takriban kilomita 94. Mto mmoja, mashine tatu, gridi tatu: kazi hiyo haiwezi kuendeshwa kwa mtu kusimama na kufungua koki kwa mkono. Inaendeshwa na mifumo ya udhibiti.

Kituo hiki hakina ziwa kubwa la akiba. Mpango wa awali ulikuwa na bwawa ambalo lingefunika mashamba na makazi mengi zaidi, na ukaachwa. Kilichojengwa ni kituo kinachotumia maji kadiri yanavyokuja. Ardhi ilinusurika, lakini kazi ya udhibiti ikawa nzito. Bwawa kubwa husamehe makosa: mashine ikinywa maji kupita kiasi kwa saa tatu, usawa wa maji hauonyeshi chochote. Bwawa dogo halisamehi. Mto ukipungua kidogo na mashine zikaendelea kunywa kama jana, usawa hushuka na msukumo hupungua. Mto ukijaa na milango ikachelewa kufunguka, maji hurudi nyuma kwenye mashamba yaleyale yaliyokusudiwa kuokolewa. Kwa hiyo katika kituo cha namna hii, amri ya kwanza ya mfumo ni kushika usawa wa maji mahali pake, kisha umeme upatikane kadiri mto unavyoruhusu.

Udhibiti wowote, uwe wa kituo cha umeme au wa pampu ya shule, hufanya mambo matatu tu bila kuchoka: hupima, hulinganisha kilichopimwa na kinachotakiwa, kisha hutenda ili kupunguza tofauti. Halafu hupima tena. Hakuna akili ya ajabu ndani yake. Ugumu uko kwingine, katika swali ambalo wabunifu huulizana kabla ya yote: kipimo kisipofika, amri isipotekelezwa, umeme wenyewe ukikatika, mtambo utaelekea wapi?

Swali hilo linaonekana hata kwenye waya mmoja. Kipima kina cha maji hakitumi namba. Hutuma mkondo mdogo wa umeme, na kwa kawaida ya viwanda duniani mkondo huo huanzia miliampea 4 na kuishia 20. Kama kipimo ni cha kina cha mita 0 hadi 10, miliampea 4 ni sifuri, 12 ni mita 5, na 20 ni mita 10. Mtu anaweza kushangaa kwa nini isianzie sifuri, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kukokotoa. Sababu ni panya. Panya akikata waya, au maji yakiingia kwenye kiungo, mkondo unakuwa sifuri kabisa. Kama sifuri ingekuwa na maana ya bwawa tupu, mfumo ungeamini kwamba maji yamekwisha na kuzima mashine, au kwenye tangi la mji ungeendelea kusukuma maji mpaka yamwagike usiku kucha. Kwa kuwa sifuri halisi ya maji ni miliampea 4, waya uliokatika hujulikana papo hapo kuwa ni waya uliokatika, na mfumo hupiga kengele badala ya kutenda kwa uongo. Ni ufundi wa zamani, wa bei ndogo, na pengine ndio wenye busara kuliko yote yaliyomo katika fani hii.

Kipimo kingine ambacho mto huu umekilazimisha ni cha machujio. Kagera hubeba magugu maji, matete na matawi, na mbele ya njia ya maji huwekwa wavu wa vyuma kuyazuia. Vipima viwili vya usawa, kimoja mbele ya wavu na kingine nyuma, hutosha kueleza hali: usawa ukiwa sawa, wavu ni safi, tofauti ikikua, wavu umeziba. Tofauti ikifika kiwango kilichowekwa, reki ya kusafishia huanza kazi. Ikizidi hapo, mashine hupunguziwa mzigo kabla wavu haujapinda.

Vipimo vyote huishia kwenye kompyuta ya viwandani ambayo mafundi huiita PLC. Chimbuko lake ni mwaka 1968 nchini Marekani, pale kampuni ya magari ya General Motors ilipochoka na makabati yaliyojaa relei. Kila muundo mpya wa gari ulipokuja, nyaya zilifumuliwa na kufungwa upya. Dick Morley na wenzake walitengeneza kifaa ambacho mantiki yake huandikwa kwenye kumbukumbu na kubadilishwa bila kugusa waya, kikaitwa Modicon. Ili mafundi umeme wasitishike, programu zake zilichorwa kama michoro ya relei waliyoizoea, yenye umbo la ngazi, na michoro hiyo ingali inatumika.

PLC haifanani na kompyuta ya ofisini. Haingoji mtu abonyeze. Husoma vipimo vyote, hupitia programu yake kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, huandika amri zote, kisha hurudi mwanzo, mara nyingi ndani ya milisekunde kumi au ishirini, mchana na usiku, kwa miaka. Pembeni yake kuna saa ndogo inayopaswa kuguswa na programu kila mzunguko. Programu ikikwama na saa isiguswe, saa huondoa amri zote zilizo nje na kila kifaa hurudi kwenye hali yake ya usalama: valvu hufunga, mota husimama, breki hukamata. Kila kifaa kimechaguliwa mapema kifanye hivyo kwa springi au uzito, si kwa umeme.

Tazama mashine ya kituo cha maji inapowashwa. Mwendeshaji hubonyeza kitufe kimoja kwenye skrini, lakini nyuma ya kitufe hicho kuna foleni ya masharti. Je, presha ya mafuta ya kusukuma milango ya maji inatosha? Je, maji ya kupoza yanapita? Je, beringi zina mafuta? Je, breki zimeachia? Kila hatua hupewa muda wake, na isipojibu, foleni nzima husimama na kurudi nyuma kwa mpangilio. Masharti yakitimia, milango inayozunguka gurudumu la mapanga hufunguliwa kidogo na mashine huanza kuzunguka. Kasi ikikaribia ile inayotakiwa, sumaku za rota hupewa umeme na msongo hupanda. Kisha hufuata dakika ya kusubiri: kabla ya kuunganishwa na gridi, mashine lazima ilingane nayo kwa msongo, kwa masafa, na kwa mpigo wa wimbi. Kifaa cha kulinganisha huisukuma kasi juu na chini kwa vipande vidogo mpaka mawimbi mawili yatembee bega kwa bega, na hapo ndipo swichi kubwa hufungwa. Ikifungwa yakiwa yamepishana, gridi huivuta jenereta kwa nguvu kuilazimisha kuwa sambamba, na shafti ya chuma inaweza kujeruhiwa kwa sehemu ya sekunde.

Mashine za Rusumo ni za aina ya Kaplan, aina inayofaa mahali penye maji mengi yasiyoanguka kutoka juu sana. Katika mashine hizo vitu viwili hugeuzwa kwa pamoja: milango inayoingiza maji, na mapanga ya gurudumu lenyewe. Ukigeuza kimoja bila kingine, mashine hutetemeka na umeme hupungua kwa maji yaleyale. Kwa hiyo ndani ya kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana kama kile cha mabasi, kuna jedwali linalosema kwa kila ufunguzi wa milango na kila kimo cha maji, mapanga yainame kiasi gani. Mafundi hulisahihisha kwa kupima mashine ikiwa kazini, maana hesabu za karatasini na chuma kilichokwisha kufungwa havilingani kikamilifu.

Gavana hutazama masafa. Tanzania, Rwanda na Burundi, kama nchi nyingi, hutumia hezi 50, na masafa hayo ndiyo mapigo ya moyo wa gridi: mzigo ukizidi uzalishaji hushuka, uzalishaji ukizidi hupanda. Ingedhaniwa kwamba kila gavana ipewe amri ya kushika hezi 50 kamili. Mashine ikiwa peke yake, hivyo ndivyo inavyofanywa. Miji ya Ngara na Biharamulo iliyaishi hayo kwa miaka, wakati umeme wake ulipotoka kwenye jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi. Mashine ya kusaga ikiwashwa, taa zilififia kwa nukta moja hadi jenereta ijikaze. Mashine nyingi zikiwa pamoja, amri hiyo huleta ugomvi: kila moja hujaribu kusahihisha kosa lilelile, moja ikizidisha na nyingine ikipunguza. Dawa yake ni kulegeza. Kila gavana huruhusiwa kukubali masafa yashuke kidogo kadiri inavyobeba mzigo. Ikiwekwa ulegevu wa asilimia 4, masafa yakishuka kwa hezi 0.1 mashine huongeza asilimia 5 ya uwezo wake. Kwa mashine ya megawati 26.67 hiyo ni megawati 1.3 hivi. Mashine zote za gridi huongeza kwa uwiano huohuo bila kupigiana simu. Baadaye kituo cha kuongoza gridi hurudisha masafa kwa utulivu kwenye 50.

Namna ya kusahihisha nayo ina adabu yake. Dereva wa lori anayeteremka kutoka Benaco kuelekea mpakani Rusumo hutazama mambo matatu: mwendo umezidi kiasi gani sasa, umezidi kwa muda gani, na unaongezeka kwa haraka gani. Akitazama la kwanza tu, atakanyaga breki na kuachia, kukanyaga na kuachia. Vidhibiti vingi vya viwanda hujumlisha mambo hayohayo matatu, kila moja kwa uzito wake, na kazi ya kutafuta uzito huo ni ya mikono na masikio kuliko ya vitabu. Kidhibiti kilichopewa pupa huyumbisha mtambo. Kilicholegezwa mno hufika baada ya shughuli kuisha.

Jaribio kubwa la mfumo mzima huja pale radi inapopiga njia na swichi ikafunguka ghafla. Mashine iliyokuwa ikisukuma megawati 26 haina tena wa kumsukumia, lakini maji bado yanakuja. Kasi hupanda ndani ya sekunde. Gavana inapaswa kufunga milango, ila si kwa haraka inavyotaka: maji mengi yanayokimbia handakini yakisimamishwa kwa kishindo hupiga kuta kama nyundo. Hivyo muda wa kufunga ni mapatano kati ya hatari mbili, kasi kupita kiasi na presha kupita kiasi, na mapatano hayo huwekwa kwenye tundu dogo la valvu ya mafuta, ambako programu haiwezi kuyabadilisha. Mafuta yenyewe husubiri kwenye tangi la presha, tayari kufunga milango hata kama kituo kizima kiko gizani.

Kwa sababu hiyohiyo ulinzi hutenganishwa na udhibiti. Relei za ulinzi zina vipimo vyake, nyaya zake, betri zake, na haziiombi PLC ruhusa. Hukata kwanza, maelezo baadaye. Lakini ulinzi unaofanya kazi vizuri mahali pamoja unaweza kuangusha nchi nzima. Tarehe 7 Juni 2016, nchini Kenya, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme wa maji cha Gitaru. Transfoma ilijikata, mashine nyingine zikaelemewa nazo zikajikata, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya yote ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Hakuna relei iliyokosea. Kila moja ilijilinda.

Ili kuzuia anguko la namna hiyo kuna relei za masafa. Masafa yakishuka chini ya kiwango, hukata njia nzima za wateja, moja baada ya nyingine, ili zilizobaki ziokoke. Ndiyo maana nyumba ya Rulenge, wilayani Ngara, inaweza kuzimikiwa na taa kwa hitilafu iliyotokea mamia ya kilomita kutoka hapo, na fundi wa karibu akienda kukagua nguzo asikute kitu.

Nyakanazi ni mfano mzuri wa kinachounganisha yote haya kwa mbali. Kituo cha kupoza umeme hakizalishi chochote; hupokea, hubadilisha msongo na kugawa. Nafasi za swichi, joto la mafuta ya transfoma na mizigo ya njia hukusanywa na kupelekwa kwenye skrini za waongozaji, kwa mfumo unaojulikana kama SCADA. Katika njia nyingi za kisasa za msongo mkubwa, ule waya mwembamba wa juu kabisa unaozuia radi huwa na nyuzi za mkongo ndani yake. Nguzo zilezile hubeba umeme na habari za umeme. Kanuni hapa ni kwamba SCADA haipaswi kuwa ndiyo inayoendesha mtambo dakika kwa dakika. Mkongo ukikatika, mwongozaji hupoteza macho, lakini gavana, PLC na relei huendelea na kazi kwa maagizo ya mwisho. Mfumo ambao husimama kwa sababu mawasiliano yamekatika umejengwa kichwa chini.

Majengo hutumia mantiki hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Maghorofa makubwa ya Dar es Salaam au Nairobi yana mifumo inayoongoza viyoyozi, lifti, taa na kengele za moto kutoka chumba kimoja. Wilayani, otomatiki ya jengo ina sura mbili zinazojulikana na kila mtu: floti ya tangi na swichi ya jenereta. Floti hupandishwa na maji na kukata pampu. Ikikwama chini pampu huendelea, ndiyo maana tangi lililofungwa vizuri huwa pia na bomba la kumwagia ziada. Swichi ya jenereta ya hospitali hutazama umeme wa gridi, na ukipotea husubiri sekunde chache, huwasha jenereta, hungoja msongo utulie, kisha huhamisha mzigo. Gridi ikirudi haikimbilii kurudi. Hungoja dakika kadhaa, kwa kuwa umeme unaorudi mara ya kwanza mara nyingi hukatika tena. Kufuli la chuma kati ya swichi mbili huzuia zisifungwe pamoja, hata kama kidhibiti kitaamuru hivyo. Friji ya chanjo, inayopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, inategemea uvumilivu huo wa dakika chache.

Betri ya kuwashia jenereta ndiyo sehemu inayofelisha mpango huu mara nyingi kuliko kompyuta yoyote. Hali ni ileile kwenye vituo vikubwa: relei, mota za swichi na taa za dharura hutegemea kabati la betri, na kituo ambacho betri zake zimekufa hakiwezi hata kufungua swichi zake.

Migodini nako mantiki ni hiyohiyo. Katika uchenjuaji wa dhahabu, kazi iliyofanyika wilayani Biharamulo katika mgodi wa Tulawaka uliofunguliwa mwaka 2005 na baadaye kuingia mikononi mwa STAMIGOLD, kampuni tanzu ya shirika la madini la taifa, STAMICO, kipimo chenye uzito kuliko vyote ni cha uchachu. Sayanidi hubaki majini salama ikiwa pH iko juu ya 10. Ikishuka kuelekea 9, huanza kutoka kama gesi inayoua. Kidhibiti huongeza chokaa pH inaposhuka, lakini uchelewaji ni mkubwa: chokaa iliyotiwa sasa huonekana kwenye kipimo baada ya dakika nyingi. Kidhibiti chenye haraka kingeendelea kumwaga. Na kipimo chenyewe hufunikwa na ukoko wa chokaa na kuanza kusema uongo polepole, pasipo waya kukatika. Hapo miliampea 4 haisaidii. Husaidia kuweka vipima viwili na kumtuma mtu mwenye chupa ya sampuli kwenda kulinganisha.

Mizani ya Nyakahura, katika barabara hiyohiyo ya malori ya Rusumo, ina tatizo linalofanana na hilo. Chini ya bamba kuna nguzo fupi za chuma zinazojifinya kwa uzito, na waya mwembamba uliogandishwa juu yake hubadilika ukinzani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na kati ya tani 55 na 57 kuna fedha za mtu. Kwa hiyo mizani hukaguliwa kwa mawe ya uzito unaojulikana. Programu pekee haiaminiwi.

Kidhibiti kilichosambaa sana majumbani ni mita ya LUKU, ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Mita ya kawaida ya aina hiyo haijaunganishwa na kompyuta yoyote ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Ujumbe hubebwa na mteja mwenyewe, tarakimu 20 anazozibonyeza kutoka kwenye simu. Ili tokeni isitumike mara mbili, kila moja hubeba hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, na ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isingeharibika, ingekataa tu kila tokeni mpya. Hivyo kabla ya siku hiyo kila mwenye mita ya namna hiyo, wa Kirushya kule Ngara na wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, alilazimika kuingiza tokeni za kuirudisha saa mwanzo, kwa kidole chake.

Hatari mpya imekuja kwa mlango wa mtandao. Lugha ambazo vifaa hivi huzungumza, kama Modbus ya mwaka 1979, zilibuniwa wakati waya wote ulikuwa ndani ya uzio mmoja. Kifaa hutii amri bila kuuliza imetoka kwa nani. Desemba 2015, nchini Ukraini, wavamizi waliingia kwenye kompyuta za makampuni ya kusambaza umeme, na waongozaji wakatazama vishale vya skrini vikijiendesha na kufungua swichi, hadi wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Uliporejea baada ya saa chache, haukurudishwa kwa kompyuta. Mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, na kufunga swichi kwa mikono. Waliweza kwa sababu swichi zile zilikuwa bado na mpini.